Damu katika Mkojo wa Kijana: Saratani ya Medula ya Figo

Kijana wa kando ya Ziwa Viktoria akikojoa damu, wengi wetu hufikiri kichocho, naye hupewa dawa. Mara nyingi tunakuwa tumepatia. Ipo hata hivyo saratani ya figo iliyo adimu sana, ambayo huwapata karibu pekee watu waliorithi kinasaba cha selimundu, hasa wale waliokipokea kwa mzazi mmoja tu na ambao kwa kawaida hujiona wazima kabisa.

Saratani hiyo ilielezwa mwaka 1995 na madaktari Davis, Mostofi na Sesterhenn wa Marekani, waliokusanya habari za wagonjwa 34 wenye umri wa miaka 11 hadi 39. Huanzia medula, yaani sehemu ya ndani ya figo, ambako oksijeni ni haba na chumvi ni nyingi. Humo chembe nyekundu za mbebaji huweza kujipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Wataalamu hudhani kwamba madhara hayo ya kujirudia ndiyo huandaa njia ya saratani. Wanaume hupatwa zaidi, na figo ya kulia kuliko ya kushoto.

Pamoja na damu huja maumivu ya ubavu na kukonda. Ultrasaundi huweza kuonyesha uvimbe, na CT skani huonyesha ulikoenea. Jibu la hakika hutolewa na maabara, kinyama kilichokatwa kikikosa protini iitwayo SMARCB1. Mpimaji asipoambiwa kwamba mgonjwa ni mbebaji, huweza kuidhania saratani nyingine.

Wengi hugunduliwa ikiwa imekwisha kufika kwenye matezi au mapafu. Dawa za kuzuia mishipa ya uvimbe, zinazosaidia saratani za figo za kawaida, hapa hazifui dafu. Hutumika karboplatini pamoja na paklitakseli, na upasuaji wa kuondoa figo kwa wanaofaa. Hata hivyo wengi huishi mwaka mmoja hivi. Hatulifichi hilo, kwa kuwa familia inayojua huomba mapema tiba ya maumivu, na haingoji saa ya mwisho kumwita padre kwa Mpako wa Wagonjwa.

Wabebaji walio wengi mno hawataugua kamwe, na damu katika mkojo wao huwa na sababu nyepesi zaidi. Lakini kijana aliyekwisha kutibiwa kichocho, na damu ikarudi, aombe ultrasaundi na kumweleza daktari hali yake ya selimundu. Wachumba waliopimwa kabla ya ndoa wanayo tayari majibu hayo, wayatunze.