Vyura wa kisiwa cha msitu

Asubuhi pale Irente, ukungu hufunika tambarare ya Mazinde chini ya genge. Nyuma, Usambara Magharibi imebaki na vipande vya misitu vilivyozungukwa na mashamba. Chura mmoja wa huko, aliyepatikana Mazumbai, alipewa mwaka 2004 jina la kisayansi lenye Kiswahili ndani yake: Callulina kisiwamsitu. Maradhi yakiingia kisiwani humo, hana pa kukimbilia.

Tanzania imekwisha kuionja hatari hiyo. Mwaka 1996, kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi, milima ya Udzungwa, aligunduliwa chura mdogo anayezaa badala ya kutaga. Bwawa la umeme lilipoanza kazi mwaka 2000, manyunyu yalififia. Vyura 499 walipelekwa Marekani kutunzwa, na korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji. Juni 2003 walikadiriwa kuwa takriban 20,000. Mwanzoni mwa 2004 walioonekana walihesabika kwa vidole.

Mizoga ilikutwa na kuvu anayeshambulia ngozi, ile ambayo chura huinywea maji na kuipumulia. Tope lililosafishwa bwawani mwaka 2003 nalo lilitajwa. Lakini anguko lenyewe lilijulikana mapema kwa sababu watu walikuwa wakihesabu.

Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini. Kizazi kilichotunzwa ughaibuni kilirejea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na 2012 vyura wakaachiliwa tena korongoni.

Kuvu si adui pekee. Mwaka 2008 Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lilimworodhesha pamoja na ranavirusi, virusi vinavyovujisha damu ndani ya mwili wa chura na kuua hata viluwiluwi. Nchini Uingereza, ambako virusi hivyo vimeua vyura tangu miaka ya 1980, wenye bustani ndio waliotoa taarifa za mizoga madimbwini.

Kuvu hupimwa kwa kupangusa pamba tumboni, mapajani na vidoleni. Glavu hubadilishwa kwa kila chura, na buti husafishwa kwa dawa kabla ya kuingia msitu mwingine. Virusi hukaa zaidi kwenye ini na figo, hivyo mzoga mbichi ni ushahidi wa thamani.

Karibu na Lushoto, chura mwingine anayezaa, Nectophrynoides vestergaardi, ni wa ukoo wa yule wa Kihansi. Naye alitambuliwa 2004, wakati korongo la Kihansi likinyamaza. Hesabu yake ianze angali analia.