Watoto wa Ja'far na Habari za Mu'tah

Mwaka wa 8 Hijriya (629) Ja'far bin Abi Twalib (r.a.) aliuawa vitani Mu'tah. Huko Madina mkewe, Asmaa bint 'Umays (r.a.), amekanda unga, amewaogesha watoto na kuwapaka mafuta, hana habari. Mtume (s.a.w.) akaingia, akawaita, akawanusa, machozi yakamtoka. Wavulana hao walizaliwa ukimbizini Habasha. Mtume akaagiza nyumba ile ipikiwe chakula (siyo wafiwa watupikie sisi, kama tufanyavyo!). Baada ya siku tatu akamwita kinyozi awanyoe. Hapo darasani kwangu hucheka kidogo, kisha hunyamaza. Mama alipolalamikia uyatima wao, akamwambia yeye ndiye walii wao duniani na Akhera.