Hesabu ya Askari wa Mwili

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii haina fumbo kwa mtu aliyelala katika nyumba ya udongo, kwa maana ufa huanza mwembamba kama uzi, na masika yakiwadia huwa mlango wa maji. Katika insha hii napenda tufuatane, msomaji, katika historia ya ufa mmoja wa mwili wa binadamu. Tutaona jinsi wataalamu walivyojifunza kuupima, jinsi kipimo chao kilivyogeuka kuwa lango la kuwapitisha wengine na kuwazuia wengine, na jinsi miaka mingi ilivyopita kabla ya kukubaliwa kwamba haifai kungoja ufa upanuke ndipo udongo ukandwe. Ufa huo ni upungufu wa kinga uletwao na virusi vya UKIMWI, na kipimo chake ni hesabu ya chembe za damu ziitwazo CD4.

Kwanza yatupasa tuzijue chembe zenyewe. Damu yako ina chembe nyekundu, ambazo huchukua hewa safi na kuipeleka kila upande wa mwili, na chembe nyeupe, ambazo ni askari wa ulinzi. Miongoni mwa askari hao limo kundi ambalo kazi yake kubwa ni kupiga mbiu: humtambua adui aingiapo, kisha huwaamsha wenzao waende vitani. Nje ya kila chembe ya kundi hili pana protini iliyopewa jina la CD4. Mtu mzima mwenye afya aghalabu huwa na chembe hizi baina ya 500 na 1,500 katika kila milimita moja ya ujazo wa damu, yaani katika tone lililo kadiri ya kichwa cha pini.

Virusi vya UKIMWI huishika protini ile kama mwizi aliyeshika kitasa cha mlango. Huingia ndani ya chembe, huzaliana humo, na mwishowe chembe huangamia. Pasipo tiba hesabu hushuka polepole, na mtu aweza kukaa miaka mingi akila, akilima na kucheka bila dalili yoyote ya ugonjwa. Lakini hesabu ishukapo chini ya 200, mbiu haipigwi tena ikasikika. Hapo ndipo maradhi ambayo mwili wenye nguvu ungeyafukuza, kama vile homa kali za mapafu na za utando wa ubongo, hupata nafasi ya kukaa.

Huenda ukauliza, msomaji, ni nani aliyeweza kuwahesabu askari wadogo namna hiyo. Mwaka wa 1975 wataalamu wawili katika mji wa Cambridge, Uingereza, Georges Köhler na César Milstein, waligundua njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja tu, kila moja ikishika kitu kimoja na kuviacha vingine. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka wa 1984. Kingamwili hizo zikitiwa rangi ing'aayo huzipaka chembe zinazotafutwa, na mashine huzipitisha chembe moja moja mbele ya mwali wa mwanga na kuzihesabu, mfano wa ng'ombe wapitao mmoja mmoja katika josho. Hivyo kipimo kilikuwa tayari kabla ya ugonjwa kujulikana.

Tarehe 5 Juni 1981 iliandikwa huko Marekani habari ya vijana watano wa mji wa Los Angeles walioshikwa na homa ya mapafu isiyo ya kawaida kwa watu wa umri wao. Kabla ya mwaka huo kwisha madaktari walieleza kwamba katika damu ya wagonjwa wa namna hiyo chembe za kupiga mbiu zilikuwa karibu kutoweka kabisa. Basi pengo la askari lilionekana kabla ya adui mwenyewe kuonekana. Adui alipatikana mwaka wa 1983 katika Taasisi ya Pasteur, Paris, kwa kazi ya Françoise Barré-Sinoussi, Luc Montagnier na wenzao. Mwaka wa 1984 watafiti wa London na wa Paris walithibitisha kwamba CD4 ndiyo mlango wa virusi. Mwaka huohuo mgonjwa wa kwanza alitambuliwa katika nchi yetu ya Kenya.

Dawa ya kwanza, AZT, iliidhinishwa Marekani mwaka wa 1987, lakini ikitumika peke yake virusi viliizoea upesi. Nuru ilianza kuonekana mwaka wa 1996, ilipodhihirika kwamba dawa tatu zikitumiwa pamoja huvibana virusi pande zote, na hesabu ya CD4 hupanda tena. Katika Marekani vifo vya UKIMWI vilipungua kwa karibu nusu baina ya mwaka wa 1996 na wa 1997.

Huku kwetu hali ilikuwa nyingine. Dawa za mtu mmoja kwa mwaka ziligharimu zaidi ya dola 10,000, fedha ambazo mkulima wa kawaida hawezi kuzikusanya katika maisha yake yote. Novemba 1999 Rais Daniel arap Moi alitangaza kuwa UKIMWI ni janga la taifa. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilijitolea kuuza dawa hizo tatu kwa mashirika ya misaada kwa dola 350 kwa mwaka, na mwaka uo huo Bunge la Kenya likapitisha sheria iliyorahisisha kuingiza dawa za bei nafuu. Ndipo dawa zilipoanza kufika katika hospitali zetu, kidogo kidogo.

Nawe wajua, msomaji, kwamba chakula kikiwa haba mpishi hulazimika kuchagua wa kumpakulia. Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi maskini ziwaanzishie dawa watu ambao hesabu yao imeshuka chini ya 200, au ambao wamekwisha kuwa wagonjwa sana. Hivyo nambari iliyokuwa kipimo ikawa lango. Mtu mwenye 190 alipewa dawa. Mwenye 260 aliambiwa arudi nyumbani, apimwe tena baada ya miezi kadhaa. Maana ya maneno hayo, ukiyafikiri vema, ilikuwa kwamba arudi atakapokuwa ameharibika zaidi. Wapo waliorudi wakiwa wamebebwa, na wapo ambao hawakurudi. Tena mashine zenyewe zilikuwa katika miji mikubwa, na mtu wa shamba alingoja siku nyingi kupata jibu. Tusiwalaumu mno waliolijenga lango hilo, kwa kuwa dawa hazikuwatosha wote. Lakini tusisahau kwamba lilijengwa na uhaba, na kwamba miili ya watu ndiyo iliyolipa gharama.

Swali lingine lilizuka: je, mtu ambaye hesabu yake imepanda sana aweza kupumzika na dawa, akazirudia hesabu ikishuka? Watu 5,472 wa nchi 33 waliingia katika utafiti wa kulijibu swali hilo. Nusu yao waliendelea na dawa siku zote. Nusu waliacha hesabu ikizidi 350 na kurudia ikishuka chini ya 250. Januari 2006 utafiti ulikatizwa, kwa sababu waliokuwa wakipumzika waliugua na kufa zaidi ya wenzao. Hata maradhi ya moyo, ya figo na ya ini yaliwapata zaidi. Ikajulikana kwamba hesabu nzuri haina maana kuwa moto umezimika. Moto waweza kuwaka chini ya majivu.

Tangu hapo lango lilianza kupanuliwa. Mwaka wa 2010 mpaka ulisogezwa hadi 350, na mwaka wa 2013 hadi 500. Kati ya miaka hiyo, mwaka wa 2011, utafiti uliofanywa katika nchi tisa, Kenya ikiwa mojawapo, ulionyesha kwamba mtu aanzapo dawa mapema hatari ya kumwambukiza mwenzi wake hupungua kwa asilimia 96. Kisha mwaka wa 2015 likaja jibu la mwisho. Katika utafiti wa watu zaidi ya 4,600 wenye hesabu iliyozidi 500, walioanza dawa mara moja walipunguza hatari ya ugonjwa mzito au kifo kwa zaidi ya nusu, kuliko walioambiwa wangoje. Septemba mwaka huo Shirika la Afya Duniani liliagiza kwamba kila mwenye virusi apewe dawa, hesabu yake iwe iwavyo. Kenya ililifuata agizo hilo mwaka wa 2016. Lango likaondolewa.

Je, hesabu ya CD4 imekuwa kazi bure? La, hasha. Ingali na manufaa makubwa mtu anapogunduliwa kuwa na virusi, au anaporudi baada ya kuacha dawa. Ikiwa chini ya 200, daktari hujua kwamba ukuta umebomoka, naye humkinga mgonjwa kwa dawa nyingine na kumchunguza kama ana kifua kikuu au ugonjwa wa utando wa ubongo. Lakini katika kujua kama dawa zinafanya kazi, kipimo kikuu ni kingine, nacho ni wingi wa virusi katika damu. Kimoja huhesabu askari. Cha pili humhesabu adui. Adui akipungua hata kipimo kisiweze kumwona, na mtu akadumu na dawa zake, hawezi kumwambukiza mwenzi wake kwa tendo la ndoa. Hata hivyo adui hajafa. Amejificha katika chembe zilizolala, naye huamka dawa zikiachwa.

Yakupasa kujua pia kwamba hesabu ya askari haisimami mahali pamoja. Asubuhi yaweza kuwa chini kuliko jioni, homa ndogo huishusha, ujauzito huishusha. Kwa hiyo asiyeielewa hufurahi bure leo na kuhuzunika bure kesho. Mwenye busara huutazama mwendo wa vipimo vingi, wala hauachi mkono wa daktari wake kwa sababu ya kipimo kimoja.

Msomaji, yawezekana kwamba wewe ni mmoja wa waliozaliwa na virusi hivi, au kwamba jirani yako darasani ndiye. Sheria ya Kenya iliyopitishwa mwaka wa 2006 inakataza kumtolea mtu siri yake ya damu na kumnyima masomo kwa ajili hiyo. Uungwana ulikataza hayo kabla ya sheria. Ukiwa nao, meza dawa yako saa ileile kila siku, uulize nambari zako na maana yake, kwa kuwa ni mali yako. Ukiwa hujijui, nenda ukapimwe. Waliokutangulia waliambiwa wangoje mpaka ufa uwe mkubwa. Wewe huna wa kukungojesha, isipokuwa woga wako mwenyewe.