Kilwa ya Nyasi

Mgeni avukaye kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani huenda kutazama mawe. Huonyeshwa Msikiti Mkuu na kuba zake, Husuni Kubwa na birika lake la pembe nane, kisha Gereza lililosimama ufukweni. Nyasi zilizoota baina ya kuta hizo hazimshughulishi. Hufyekwa ili mawe yaonekane. Nasi wenyewe wa mwambao tumezoea kuisimulia Kilwa kwa namna hiyo hiyo: jiwe ndio ustaarabu, na nyasi ni pori lililokuja baadaye kuufunika. Lakini mashahidi wawili wa kale, waliofika hapo kila mmoja kwa nia yake, wametuachia habari inayotulazimisha tuisome Kilwa upya.

Wa kwanza ni Ibn Battuta wa Tangier, aliyefika mwaka 1331 katika enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Aliuhesabu mji huo miongoni mwa miji mizuri mno na iliyojengwa kwa ustadi. Hata hivyo, majengo anayoyataja ni ya mti, na mapaa yake ni ya nyasi aziitazo kwa Kiarabu cha kwao *dis*. Maneno hayo yamewasumbua wanahistoria. Je, hakuuona msikiti wa mawe? Hakuliona kasri? Wako waliodhani kwamba mwandishi alikosea kunakili, na wako waliotia shaka kama msafiri yule aliutazama mji sawasawa.

Mimi naona neno lile dogo lapasa kusikilizwa kabla ya kusahihishwa. *Dis* ni nyasi ndefu za Afrika ya Kaskazini, zenye mashuke yaliyoinama; watu wa huko huzisokota kamba na kuezekea nyumba, na siku hizi hupandwa pia bustanini kwa ajili ya uzuri wake. Hazioti Kilwa. Ibn Battuta aliisimulia safari yake akiwa amekwisha kurudi kwao, Ibn Juzayy akiandika, na kitabu kikakamilika mwaka 1355. Miaka zaidi ya ishirini ilikuwa imepita. Alipotaka kuwaonyesha watu wa Maghrebi mapaa ya Kilwa, alilishika jina la nyasi wanazozijua. Tena, mnazi aliujua vyema: alipoifikia Dhofar baada ya kutoka Kilwa, aliueleza kwa urefu, mti na tunda lake. Basi huenda mapaa aliyoyakumbuka hayakuwa ya makuti, bali ya nyasi hasa, zilizokatwa, zikakaushwa na kufungwa matita.

Kama ni hivyo, hakuna haja ya kumwita mwongo. Mawe yalikuwapo: ya ibada, ya enzi na ya matajiri. Lakini mji haukuwa hao peke yao. Katika kisiwa jirani cha Songo Mnara, wachimbuzi wakiongozwa na Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher wamefanya kazi kuanzia mwaka 2009, na wameonyesha kwamba kando ya nyumba za mawe zilikuwapo nyumba za miti na udongo ambazo jicho halizioni tena. Njia mojawapo waliyoitumia ni kuchunguza fitolithi. Mmea, hasa wa jamii ya nyasi, hunyonya kwa mizizi madini yaliyoyeyuka katika maji ya ardhini na kuyageuza chembe ngumu mithili ya kioo ndani ya majani yake. Jani likioza, chembe hubaki mchangani kwa karne nyingi, na umbo lake humwambia mtaalamu ni mmea wa jamii gani. Kumbe nyasi nazo huacha maandishi. Sisi ndio hatukuwa na macho ya kuyasoma.

Shahidi wa pili alikuja na mizinga. Mwezi wa Julai 1505 majeshi ya Ureno chini ya Francisco de Almeida yaliiteka Kilwa na kuipora. Katika habari za msafara huo zinazonasibishwa na Mjerumani Hans Mayr, baina ya hesabu za vita na mateka, mna maelezo ya bustani: machungwa matamu, ndimu, vitunguu, majani ya kunukia, na mitambuu iliyoegemezwa vijiti, vyote vikinyweshwa kwa maji ya visima, maana kisiwani hakuna mto. Mwandishi anaongeza kwamba majani ya ardhini ni mabichi daima. Mtu aliyekaa siku chache asingeweza kuijua hiyo “daima”. Lakini wakati huo masika yalikuwa yamekwisha kupita, na bado aliona kijani. Sehemu ya kijani hicho, hatuna budi kukiri, ilikuwa kazi ya mikono iliyoteka maji kisimani. Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Majina ya tembo wa mwaka ule tunayo. Ya wale waliomwagilia bustani hayakuandikwa.

UNESCO iliyaweka magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikayaingiza katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuyatoa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Kazi hiyo ilistahili. Mizizi huvunja kuta, na kufyeka ni lazima. Ila tukumbuke kwamba urithi mwingine haufyekwi wala hauna kibao. Uko uani: shina la mchaichai karibu na mlango, muwa penye maji ya kuogea, ukoka ulioachwa utambae ili mvua isichukue udongo. Mwenye nyumba hupasua shina la mchaichai, akampa jirani kichipukizi, naye akakipanda na kukimwagilia hadi kishike. Hivyo ndivyo bustani isiyo na kuta inavyorithiwa.

Anayetaka kuijua Kilwa na aende akatazame mawe. Akirudi, apite uani, akainame penye nyasi. Huko ndiko walikoishi wengi.