Kusoma kwa Masikio

Swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko mengine yote tangu nilipoanza kutumia kompyuta ni hili: "Mwalimu, wewe huoni, sasa hicho kioo unakitazamia nini?" Jibu langu ni fupi. Sikitazami, nakisikiliza. Ndani ya kompyuta yangu mna programu inayoyachukua maandishi yaliyo kwenye skrini na kuyatamka neno baada ya neno, kwa mwendo ninaoupanga mwenyewe. Anayeketi karibu nami kwa mara ya kwanza husikia mvumo kama wa nyuki walioghadhibika, kwa kuwa sisi tuliozoea huiharakisha sauti hiyo hata ikapita mara mbili ya mwendo wa mazungumzo ya kawaida. Lakini ndani ya mvumo huo mna magazeti, mna barua, mna sheria za nchi na bei za mahindi.

Jibu hilo huwaridhisha wengi. Mimi haliniridhishi, kwa sababu linaifanya mashine ionekane kuwa ndiyo inayonisomea. Mashine hutamka kile tu ilichopewa. Nyuma ya kila ukurasa wa intaneti yupo mtu aliyeutengeneza, na huyo ndiye aliyeamua, kwa kujua au kwa kutojua, kama mimi nitausoma au nitaupita. Historia ninayotaka kuieleza hapa ni ya uamuzi huo.

Kusoma kwetu sisi tusioona kulianzia vidoleni. Louis Braille, aliyezaliwa mwaka 1809 katika kijiji cha Coupvray nchini Ufaransa, alijichoma jicho kwa kifaa chenye ncha katika karakana ya baba yake akiwa na umri wa miaka 3, na baadaye akapoteza macho yote mawili. Alipokuwa kijana wa miaka 15 alikuwa amekwisha kubuni maandishi ya nukta sita, na mwaka 1829 aliyachapisha. Alifariki mwaka 1852, na shule yake mjini Paris iliyaidhinisha rasmi miaka miwili baada ya kifo chake. Nukta nundu zilifika Afrika Mashariki pamoja na shule za wasioona, kama ile ya Thika nchini Kenya iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946.

Siwezi kuzishukuru nukta hizo kiasi cha kutosha. Hata hivyo zilikuwa na mpaka wake. Kitabu kimoja cha mfukoni kikigeuzwa kuwa nukta nundu huwa majuzuu kadhaa makubwa ya karatasi nene, na kila ukurasa ni lazima mtu aukubali kwanza, auandike, kisha aupige chapa. Kwa hiyo tulisoma tulichochaguliwa. Mwenye macho aliingia dukani akanunua gazeti la siku hiyo. Sisi tulingoja mtu aone kwamba jambo fulani linafaa tulijue.

Ufa wa kwanza katika ukuta huo ulitokea Marekani mwaka 1976, pale Ray Kurzweil alipoitangaza mashine yake ya kusoma. Mtu aliweka kitabu cha kawaida juu ya kioo, mashine ikayatambua maandishi yake na kuyatamka. Mwanamuziki Stevie Wonder alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuinunua. Ilikuwa kubwa, na bei yake ilikuwa ya mashirika na matajiri, lakini ilithibitisha kwamba msomaji asiyeona anaweza kuokota kitabu chochote bila kumngoja mwandishi wa nukta.

Baada ya hapo zikaja kompyuta ndogo za mezani, na mwanzoni zilitufaa sana. Katika mfumo wa DOS skrini ilikuwa mistari 25 yenye nafasi 80 za herufi kila mmoja. Hapakuwa na kitu kingine humo ila maandishi, na maandishi yaweza kutamkwa. Mashine za kutamka nazo zilikuwa zimepevuka. DECtalk, iliyotokana na utafiti wa Dennis Klatt huko Massachusetts, ilianza kuuzwa katikati ya miaka ya 1980. Katika kampuni ya IBM, mwanahisabati Jim Thatcher alitengeneza programu ya kusoma skrini ambayo ilitolewa mwaka 1986. Kazi hiyo aliianza pamoja na mwenzake Jesse Wright, ambaye alikuwa haoni. Naye Ted Henter, mwendesha pikipiki wa mashindano aliyepofuka katika ajali ya gari mwaka 1978, alijifunza kazi ya kuandika programu, akaanzisha kampuni na mwenzake, na mwaka 1989 wakaitoa programu ya JAWS, ambayo hadi leo ni mojawapo ya zinazotumiwa zaidi duniani.

Tazama walioanza kazi hiyo: asiyeona mwenyewe, au mtu aliyeketi ofisi moja na asiyeona. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Raha ile haikudumu. Kompyuta zilianza kuacha maandishi na kushika picha. Badala ya kuandika amri, mtumiaji alitakiwa aisogeze alama kwa kipanya hadi juu ya kijipicha, kisha abonyeze. Kompyuta ya Macintosh ilikuja na mtindo huo mwaka 1984, na Windows 3.0 ya mwaka 1990 iliueneza maofisini. Kwa programu zetu, skrini iligeuka kuwa vitone vya rangi visivyo na maneno. Watu waliokuwa na ajira kwa sababu ya DOS waliona kazi zao zikiponyoka. Mafundi walilazimika kutega mlangoni: kila Windows ilipochora herufi au kisanduku, programu ya kusoma ilinasa habari hiyo kabla haijafika kwenye kioo, ikajijengea kumbukumbu yake ya pembeni, kisha ikaotea kwamba hiki ni kitufe na kile ni orodha. Ilikuwa kazi ya kijasusi hasa. JAWS ya Windows ilitoka mwaka 1995, na ilichukua miaka mingi kabla ya kuotea huko kupungua.

Katikati ya dhiki hiyo ndipo mtandao ulipozaliwa. Tim Berners-Lee aliupendekeza mwaka 1989 akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, na tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kilitangaza kwamba kila mtu anaweza kuutumia bila malipo. Kwetu sisi wazo lake lilikuwa la heri kuliko watu wanavyodhani. Ukurasa wa mtandao, chini ya rangi zake, ni maandishi yaliyotiwa alama: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hiki ni kiungo cha kwenda kwingine, hili ni jedwali. Mtengenezaji anayezitia alama hizo vizuri huwa amekwisha kusema kila kitu ni nini, na programu yangu haina haja ya kuotea. Nabonyeza herufi H, inaruka hadi kichwa kinachofuata. T, hadi jedwali. B, hadi kitufe. Hivyo ndivyo ninavyoupitisha ukurasa mrefu kwa dakika moja, kama mwenye macho anavyoupitisha gazeti kabla ya kuketi kulisoma.

Lakini mwaka huohuo wa 1993 kilikuja kivinjari cha Mosaic, kilichoonyesha picha katikati ya maandishi, na ulimwengu ukapenda picha. Picha haitamkiki. Dawa yake ilipatikana mapema, nayo ni nyepesi mno: mwenye ukurasa anaandika kwa maneno machache picha hiyo inahusu nini, maneno yakakaa ndani ya ukurasa bila kuonekana, na programu ikayatamka. Kanuni za HTML za mwaka 1995 ziliiweka nafasi hiyo, na zile za Desemba 1997 zikaifanya kuwa ya lazima. Mwaka 1997 pia shirika linalosimamia kanuni za mtandao lilianzisha kitengo cha kuwajali wenye ulemavu, na tarehe 5 Mei 1999 kikatoa mwongozo wake wa kwanza. Tangu siku hiyo hakuna mtengenezaji aliyeweza kusema kwamba hakuelezwa.

Kesi ya Sydney inaonyesha jinsi jambo dogo hili lilivyoweza kuwa zito. Mnamo Juni 1999, Bruce Maguire, raia wa Australia asiyeona, aliwalalamikia waandaaji wa michezo ya Olimpiki ya mwaka 2000 kwamba tovuti yao haisomeki: picha hazikuwa na maneno, na kurasa za ratiba na matokeo hazikumfikisha popote. Waandaaji walijitetea kwamba marekebisho yangegharimu zaidi ya dola milioni 2 za Australia na kumchukua mtu mmoja zaidi ya mwaka. Wataalamu walioitwa walisema ni kazi ya wiki chache kwa kikundi kidogo. Mnamo Agosti 2000 Tume ya Haki za Binadamu ilimpa ushindi Maguire, na waandaaji, ambao hawakutekeleza yote waliyoamriwa, wakaja kutozwa dola 20,000. Michezo ilikuwa imekwisha. Maguire hakupata ratiba aliyoitaka, ila alituachia hoja kwamba tovuti ni kama jengo la umma, na mlango wake ni haki ya kila mtu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia, unaitaja teknolojia ya habari pamoja na majengo na barabara.

Kwetu palikuwa na kizuizi kingine, nacho ni bei. Programu nzuri ziliuzwa kwa mamia ya dola, fedha ambazo mwalimu wa shule ya msingi hawezi kuzitenga. Jawabu lilitoka kwa vijana wawili wa Australia wasioona, Michael Curran na James Teh. Curran alianza mwaka 2006 kuandika programu iitwayo NVDA, kwa imani kwamba asiyeona asitozwe zaidi ya mwenye macho kwa kutumia kompyuta ileile. Inagawiwa bure hadi leo. Mwaka 2009 simu ya iPhone nayo ilitoka ikiwa na programu ya kusoma ndani yake, na simu za Android zikapata yao mwaka huohuo. Hizi za Android ndizo zilizofika vijijini kwetu.

Ndani ya NVDA mna sauti ya eSpeak iliyoandikwa na Jonathan Duddington, nayo inajua Kiswahili. Lugha yetu humrahisishia kazi fundi wa sauti, kwa kuwa huandikwa kama inavyotamkwa, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sauti hiyo ni kavu kama bati, lakini husema kweli. Tatizo ni kwamba programu huchagua lugha kwa kufuata alama ambayo mtengenezaji ameiweka juu ya ukurasa. Herufi mbili tu, "sw", zinatosha. Kurasa nyingi za Kiswahili ninazozifungua zimetiwa alama ya Kiingereza, na hapo neno "pole" huwa "poul", "wale" huwa "weil", "wake" huwa "weik". Nimesikiliza tangazo la msiba likitamkwa hivyo. Najua namna ya kuilazimisha sauti ibadilike, nami hufanya hivyo. Lakini kijana aliyeishika simu jana hajui, naye atadhani kwamba lugha ya mama yake haifai kwa mashine.

Wapo wanaoona kwamba haya ni malalamiko ya wachache. Kwangu ni suala la siri na heshima. Kuna ofisi moja ambayo kila mwaka hunitaka nijaze fomu yake ya mtandaoni, na fomu hiyo husomeka hivi: "kitufe, kitufe, kitufe". Hakuna kilichopewa jina. Basi humwita mjukuu wangu, nikamtajia nywila yangu, namba ya akaunti na kiasi cha pensheni. Ni mtoto mwaminifu, lakini mambo hayo hakupaswa kuyajua, wala mimi sikupaswa kuyataja kwa sauti sebuleni. Mwaka 2019 shirika la WebAIM la Marekani lilizikagua kurasa za mwanzo za tovuti milioni 1, likakuta asilimia 97.8 zina kasoro za aina hii au nyingine. Mwaka 2024 zilikuwa asilimia 95.9. Tunasogea, kwa mwendo wa kobe.

Siku hizi naambiwa nisisumbuke, kwa kuwa akili mnemba itanieleza kila picha. Ni kweli inafanya hivyo. Tangu mwaka 2023 ninaweza kuielekeza simu kwenye picha nikaelezwa rangi ya shati la aliyepigwa picha. Naipokea kwa shukrani. Lakini huko ni kuotea tena, kwa ustadi mkubwa kuliko ule wa Windows. Mashine itaniambia kuna watu watano mbele ya jengo. Kwamba hao ni wajumbe walioapishwa jana, na kwamba habari yenyewe ni yule wa kushoto, anajua yule aliyeiweka picha hiyo pale. Aandike sentensi moja, na asiyeona wa Tanga, wa Bukavu au wa Muscat ataijua habari saa ileile wanayoijua wengine.