Mradi wa Mwanafunzi wa Picha za Watu Studioni: Namna ya Kuupanga

Mradi wa picha za watu studioni ni kazi ambayo mwanafunzi wa upigaji picha hukutana nayo karibu kila mahali fani hii inapofundishwa. Anatakiwa kutoa mfululizo wa picha, tuseme kumi au kumi na mbili, za watu waliokubali kukaa mbele ya kamera yake chini ya mwanga alioupanga mwenyewe. Kwenye harusi au mkutano mpiga picha hukimbizana na tukio. Studioni hakuna tukio. Kila kinachoonekana ndani ya picha kimewekwa pale na mtu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hufanyika kamera ikiwa bado mkobani, na mradi ulioharibika mara nyingi ulikuwa umeshaharibika tangu kwenye andiko.

Andiko la mradi halihitaji kurasa nyingi. Linahitaji kujibu jambo moja ambalo wanafunzi wengi hulikwepa: ni kitu gani hakitabadilika? Mfululizo hushikamana kwa kile ambacho mpigaji ameamua kukiacha vilevile kutoka picha ya kwanza hadi ya mwisho, ili tofauti za watu zijitokeze zenyewe.

Mfano ni mpiga picha Seydou Keïta wa Bamako, Mali, aliyefungua studio mwaka 1948 uani kwao. Kitambaa chake cha kwanza cha nyuma kilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Baadaye akawa anakibadilisha kila baada ya miaka miwili mitatu, hata uzeeni aliweza kukadiria picha ilipigwa lini kwa kutazama tu kitambaa kilichopo nyuma. Wateja walikuja na mavazi yao, wengine wakaazimwa saa, kalamu, redio au suti za studio, lakini ua na mwanga wa jua vilibaki palepale, na kitambaa kilidumu miaka miwili mitatu. Richard Avedon naye, kati ya 1979 na 1984, alizunguka magharibi ya Marekani akiwapiga wachimba migodi, wafanyakazi wa machinjio na wazururaji mbele ya karatasi nyeupe iliyobandikwa kivulini. Samuel Fosso aliupindua utaratibu huo. Alifungua studio Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na miaka 13, na filamu iliyobaki baada ya wateja aliimalizia kwa kujipiga mwenyewe. Kwake mtu ndiye asiyebadilika. Kilichobadilika ni nguo, pozi na mapambo.

Pwani yetu nayo ina hazina. Zanzibar kuna Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Mombasa studio ya Parekh ilipiga picha za vijana na familia kwa miongo kadhaa ya karne iliyopita, na Lamu Omar Said Bakor alikata picha za wateja na kuziunganisha upya kuwa taswira ambazo kamera peke yake isingeweza kuzitoa. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anayekusanya mifano yake yote kutoka Instagram, na boti ya Zanzibar ni mwendo wa saa mbili hivi, amejinyima bila sababu.

Tuchukue mfano wa mradi unaowezekana: mafundi cherehani kumi na wawili wa mtaa mmoja. Visivyobadilika viwe kitambaa cha nyuma, stuli, upande wa taa na umbali wa kamera. Kinachobadilika ni fundi mwenyewe na kitu kimoja cha kazi alichokuja nacho, iwe mkasi, futi ya kupimia au gauni ambalo halijamalizika. Andiko la namna hiyo linaingia kwenye sentensi tatu, na mwalimu akilisoma anaiona kazi. Andiko linalosema "nataka kuonyesha uzuri wa Mwafrika" halina pa kuanzia.

Chumba na mwanga

Chumba cha urefu wa mita tano na upana wa mita tatu kinatosha kwa picha za kifua na kichwa. Mtu akae mita moja na nusu au mbili mbele ya kitambaa, ili kivuli chake kisiangukie nyuma na mikunjo ya kitambaa ififie. Kamera nayo iwe karibu mita mbili kutoka kwake. Lenzi ya milimita 85 ndiyo iliyozoeleka kwa kamera za sensa kubwa. Kwa kamera za sensa ndogo ambazo wanafunzi wengi wanazo, milimita 50 inafanya kazi karibu sawa. Lenzi pana iliyosogezwa karibu hukuza pua na kurudisha masikio nyuma, na hapo hata mama mzazi atauliza huyu ni nani.

Kitambaa si lazima kiwe cha dukani. Kitambaa cha marekani kilichoungwa upana kwa upana na kupakwa rangi ya maji kwa brashi pana, kijivu juu ya kijivu bila kusawazisha sana, hutoa mandhari nzuri kuliko vitambaa vingi vya kununua. Kitenge kinafaa ikiwa mpigaji yuko tayari kushindana nacho. Khanga ina jambo la ziada: maandishi yake yatasomwa. Ama yaonekane yote na yawe na maana katika mradi, ama yafichwe kabisa. Nusu sentensi inayochungulia nyuma ya bega la mtu hushika jicho la kila msomaji.

Taa moja inatosha, na kwa mradi wa kwanza ni heri iwe moja. Iwekwe upande, kama nyuzi 45 kutoka ilipo kamera, juu kidogo ya macho ya anayepigwa, ikipita kwenye mwavuli au softboksi. Upande wa pili isimamishwe karatasi ya manila nyeupe ili irudishe mwanga kidogo kwenye shavu lenye kivuli. Ikisogezwa karibu, kivuli kinalainika. Ikiondolewa, uso unagawanyika nusu mwanga nusu giza. Karatasi hiyo ya bei ndogo huamua hali ya picha kuliko vifaa vingi vya ghali.

Umbali wa taa una kanuni yake. Ukiongeza umbali mara mbili, mwanga unaofika hupungua hadi robo. Ukiuongeza mara tatu, hubaki sehemu moja ya tisa. Taa ikiwa mita moja kutoka kwa mtu na mita tatu kutoka kwenye kitambaa, kitambaa cheupe kitatoka kijivu cha kukolea. Ikirudishwa nyuma kadiri chumba kinavyoruhusu, tofauti hiyo inapungua sana na kitambaa kinaanza kung'aa. Mwanafunzi aliyeielewa kanuni hii anapata rangi tatu za nyuma kutoka kitambaa kimoja bila kununua kitu.

Kwa flashi, kuanzia ISO 100, shata 1/125 na tundu la f/8 ni mahali salama. Baada ya hapo nguvu ya taa ndiyo irekebishwe. Kwa taa zinazowaka muda wote, hasa za LED za bei rahisi, kuna tatizo ambalo jicho halilioni. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa Hezi 50, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na shata ya kasi huacha michirizi ya giza kwenye picha. Shata ya 1/50 au 1/100 huiondoa. Picha ya majaribio ikuzwe kwenye skrini kabla mtu wa kwanza hajafika.

Asiye na taa ana dirisha, nalo lina majira yake. Dar es Salaam, kuanzia Aprili hadi Agosti jua hupita upande wa kaskazini, hivyo dirisha la kusini hutoa mwanga mtulivu kutwa nzima. Kuanzia Novemba hadi Januari dirisha la kaskazini ndilo lenye utulivu. Ratiba ya mradi iliyopangwa bila kujua dirisha linaelekea wapi ni bahati nasibu.

Ngozi, kanzu na buibui

Hapa ndipo vitabu vingi vya kigeni huwaacha wasomaji wetu njiani. Kwa miaka mingi kadi ambazo Kodak iliwapa mafundi wa maabara kupimia rangi zilikuwa na picha ya mwanamke mweupe, na ngozi nyeusi ikatoka bila sura, imezama gizani. Kamera za leo zina uwezo mkubwa zaidi, ila kipimo chake cha mwanga bado kinakisia kwamba kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Mtu mweusi mbele ya kitambaa cheupe hutoka na uso wenye giza, kwa sababu kamera imeukimbia weupe. Mbele ya kitambaa cheusi hutoka amepauka. Dawa ni kuweka kamera kwenye mipangilio ya mkono, kupima mwanga pale pale shavuni, kisha kutogusa tena namba hizo hadi kikao kiishe.

Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kupitia mng'ao zaidi kuliko kupitia kivuli. Taa pana iliyo ubavuni huchora mstari wa mng'ao kwenye paji, mfupa wa shavu na taya, na sura inasimama. Poda ya kuua mng'ao wote, ambayo baadhi ya wapambaji huipaka kwa mazoea, huufanya uso kuwa bapa. Kitambaa safi cha kufuta jasho kinatosha.

Kanzu nyeupe chini ya uso mweusi ni mtihani wa kweli. Ukiuangaza uso vizuri, kanzu inaungua na mishono ya kifuani inapotea. Ukiiokoa kanzu, uso unazama. Njia rahisi ni kuizungusha taa kidogo juu ili katikati ya mwanga wake ipite usawa wa kichwa, kisha kukinga nusu ya chini kwa kipande cha manila nyeusi kilichobanwa kwenye stendi kwa vibanio vya nguo. Kifua kinapata mwanga mdogo, uso unabaki na wake. Buibui jeusi linataka kinyume chake: kitambaa cha nyuma kiwe na rangi nyepesi kuliko vazi, au taa ndogo itoke nyuma kuchora ukingo wa bega, la sivyo uso utaelea peke yake.

Mtu kitini

Watu wengi wamejifunza kukaa mbele ya kamera kwa ajili ya picha za pasipoti: mgongo umenyooka, kidevu juu, pumzi imezuiwa. Picha za mwanzo zitakuwa hivyo, na hakuna haja ya kuzipigania. Kwa fundi mzee, shikamoo itangulie, kisha chai, kisha maelezo mafupi ya picha itatumika wapi. Stuli isiyo na egemeo husaidia mwili kujipanga wenyewe. Mikono ipewe kazi. Mtu mwenye mkasi wake mkononi hajiulizi aiweke wapi. Kola au mtandio ukikaa vibaya, mwenyewe aombwe auweke sawa, hasa pale mpigaji na anayepigwa si wa jinsia moja.

Mpiga picha Irving Penn, alipokuwa Cusco nchini Peru mwishoni mwa 1948, alikodi studio ya mpiga picha wa pale, na badala ya kutoza watu fedha akawalipa wao. Mwanafunzi huenda hana fedha za kulipa, lakini fundi aliyefunga kibanda chake kwa saa moja amepoteza kipato, na nauli yake iingie kwenye bajeti kabla ya kifaa chochote cha kukodi.

Ridhaa ipatikane kwa maandishi, kwa Kiswahili kinachosomeka, ikitaja mahali picha zitakapoonyeshwa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na uso unaomtambulisha mtu unaangukia humo. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye asaini. Kukubali kupigwa picha ya darasani si kukubali kuwekwa mtandaoni, kwa hiyo fomu ivitenganishe viwili hivyo.

Ratiba iwe na kikao kimoja cha majaribio na mwanafunzi mwenzako, ambapo sakafu inawekwa alama za tepu mahali pa stuli, stendi na kamera. Bila alama hizo, picha ya tano haitafanana na ya kwanza. Watu watatu kwa siku wanatosha. Picha zinakiliwe sehemu mbili jioni ileile, memori kadi isifutwe kabla ya hapo.

Uteuzi huumiza. Avedon aliwapiga watu zaidi ya 700 akaonyesha takribani 120. Picha zisafishwe ndogondogo, zitandazwe sakafuni, ziangaliwe kwa siku kadhaa. Inayopendeza peke yake lakini inavunja mfululizo itolewe, hata kama ni ya rafiki. Na kila aliyekaa kitini apate nakala yake, hata yule ambaye picha yake haikuchaguliwa. Nakala hizo zisafishwe kwanza, za kukusanywa na mwalimu zifuate.