Bukavu: risasi zimenyamaza, moyo bado unakimbia. Historia ya ugonjwa wa hofu

BUKAVU – Wauguzi wa vituo vya afya vya Kadutu, Ibanda na Bagira wanamjua mgonjwa huyu. Anafika amejishika kifua. Moyo unapiga mbio, mikono inatetemeka, pumzi haitoshi, vidole vinakufa ganzi. Anasema anakufa. Anapimwa tansiyo, anapimwa malaria, moyo unasikilizwa, na hakuna kinachoonekana. Baada ya nusu saa ametulia, anarudi nyumbani. Wiki inayofuata yuko tena mlangoni.

Mtaani kila mtu ana jibu lake. Kwa mmoja ni karuho. Kwa mwingine ni pepo, apelekwe chumba cha maombi. Kwa wa tatu ni mwanzo wa wazimu. Familia inauza mbuzi na vitenge, na mgonjwa hapati nafuu.

Kumbe jambo hili lina jina. Ni shambulio la hofu. Mashambulio yakirudi mara kwa mara, na mtu akaanza kuishi kwa kuliogopa lile lijalo, hata akaacha kwenda sokoni, kanisani au kupanda gari, huo ni ugonjwa wa hofu. Si mpya, na haukuanzia Kivu.

Waganga walivyodhani ni moyo

Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, mganga Jacob Mendes Da Costa aliwatibu Philadelphia wanajeshi waliolalamika kama mgonjwa wetu: moyo kudunda, maumivu ya kifua, kukosa pumzi. Mwaka wa 1871 alichapisha maelezo ya wagonjwa wapatao 300. Aliamini tatizo liko katika moyo, akawapa dawa za moyo na mapumziko. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia waganga wa Uingereza waliona hali hiyo hiyo, wakaiita moyo wa askari.

Zaidi ya miaka 100 ilipita tangu Da Costa kabla ya mambo kunyooka. Mwaka wa 1980 kitabu cha waganga wa akili wa Marekani kiliupa ugonjwa wa mashambulio ya hofu jina lake wenyewe. Kitabu hicho hicho kilitambua pia ugonjwa unaobaki baada ya mtu kupatwa na mambo ya kutisha.

Mwaka wa 1986 mtaalamu David Clark wa Uingereza alieleza jinsi shambulio linavyojizidisha. Mwili una king'ora chake. Hatari ikija, moyo unakwenda mbio na pumzi inaharakishwa ili mtu aweze kukimbia au kupigana. King'ora hicho kikilia bila hatari, mtu anausikia moyo wake na kusema, "Ninakufa." Wazo hilo linaongeza hofu, hofu inaongeza mbio za moyo. Kupumua haraka mno ndiko kunakoleta kizunguzungu na ganzi ya vidole. Kwa kawaida shambulio hufika juu kabisa ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka lenyewe.

Mji ambao king'ora hakikupumzika

Mwenye umri wa miaka 40 hapa Bukavu hahitaji kufundishwa hofu. Mwaka wa 1994 aliona mamia ya maelfu ya wakimbizi wakivuka kutoka Rwanda. Mwisho wa Oktoba 1996 vita viliingia mjini, na Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa akauawa. Mwanzoni mwa Juni 2004 askari wa Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi waliuteka mji. Tarehe 3 Februari 2008, asubuhi ya Jumapili, ardhi yenyewe ilitetemeka. Katikati ya Februari 2025 wapiganaji wa AFC/M23 waliingia, na familia zilizokuwa zimekimbilia hapa kutoka upande wa Goma zikajikuta mbele ya vita vile vile walivyovikimbia.

Mwili uliopita katika hayo unajifunza kulia mapema. Mlango ukipigwa na upepo, pikipiki ikilipuka bomba, mama anaruka. Huo si udhaifu wa imani wala woga. Ni king'ora kilichozoea kuwashwa.

Matibabu yaliyojaribiwa hapa kwetu

Mji huu haukukaa bila msaada. Kituo cha SOSAME, kinachoongozwa na Mabruda wa Upendo, kinatibu magonjwa ya akili tangu miaka ya 1990. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na mganga Denis Mukwege mwaka wa 1999, inawapa wanawake waliobakwa tiba ya mwili pamoja na ya moyo.

Lakini ushahidi mkubwa ulitoka vijijini. Mwaka wa 2013 jarida moja kubwa la tiba la Marekani lilichapisha matokeo ya kazi iliyofanyika katika vijiji 15 vya Kivu ya Kusini na ya Kaskazini. Wanawake 405 waliotendewa au kushuhudia ukatili wa kingono walisaidiwa kwa njia mbili. Katika vijiji 8 kila mmoja alipata mshauri wa kumsikiliza alipohitaji. Katika vijiji 7 walikutana kwa vikundi, wakajifunza kuyachunguza mawazo yao: je, ni kweli kosa ni langu? Je, ni kweli hakuna mtu wa kuaminika? Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo masomo yalishikwa kwa kichwa.

Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake Wakongomani wenye angalau miaka minne ya masomo baada ya shule ya msingi, waliofunzwa na kusimamiwa. Na vita havikuwa vimekwisha. Miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili za huzuni kubwa au ugonjwa wa wasiwasi walikuwa asilimia 9 katika vikundi, na asilimia 42 kwa waliopata mshauri wa kuwasikiliza tu.

Maana yake kwa familia iliyokimbia ni kubwa: si lazima kungoja amani ndipo mtu apone.

La kufanya

Anayepatwa mara ya kwanza aende kituo cha afya apimwe, kwa sababu maumivu ya kifua yanaweza kuwa ugonjwa mwingine. Ikionekana mwili ni mzima, aulize juu ya mshauri wa kisaikolojia. Shambulio likija, akae, apumue polepole, atoe pumzi kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta, na ajikumbushe kwamba litashuka. Asijitibu kwa pombe wala kwa vidonge vya usingizi vya sokoni. Diazepamu hutuliza haraka, lakini mwili huizoea na kuidai. Ziko dawa nyingine zisizoleta mazoea hayo, ila ni za kuandikiwa na mganga.

Anayetaka kuomba, aombe. Maombi hayazuii tiba. Na ndugu wa nyumbani wasimcheke wala wasimfungie ndani. Wamsindikize sokoni leo hatua chache, kesho zaidi, mpaka aizoee tena njia yake.